Shangazi, hawa shuga glaida wa binti yangu wanaishi kwenye tundu la kasuku, tuwawekee keji gani?

Shangazi habari za siku, mi msomaji wako wa muda mrefu ila kuandika ndo leo. Kwetu Tanga, sasa hivi tupo Houston huku Texas na mume wangu na watoto watatu, tunakaa apatimenti ya vyumba viwili, na mi nashona nguo za watu hapahapa nyumbani. Naandika kwasababu usiku nyumba haikaliki na mchana nakaa na wasiwasi, yote sababu ya vinyama viwili ambavyo hata ukivipima pamoja havifiki nusu kilo.

Binti yangu mkubwa ana miaka 15. Alikuwa anaangalia watoto wa majirani wikendi, akajikusanyia visenti vyake, akanunua shuga glaida wawili, dume na jike, kwa kijana mmoja aliyekuwa anahama. Baba yake ndo alimpa ruhusa, mi nikaletewa mzigo tayari upo mlangoni. Kwa ambao hawajawahi kuwaona, ni wadogo, wa kijivu, wana mstari mweusi kutoka kichwani kushuka mgongoni, macho makubwa kama komba wetu kule nyumbani, na ubavuni wana ngozi inayounganisha mkono na mguu, wakiruka inatanuka wanaelea hewani. Wazuri jamani, siwezi kusema uongo, na nimeshawapenda.

Walikuja na tundu la kasuku, lile la duara lenye kuba juu, ukilisimamisha chini halinifiki kiunoni. Ndani kuna gurudumu la plastiki la hamsta, kipande cha taulo ndo kitanda chao, na chini yule kijana alimwaga maranda ya mwerezi akasema yanakata harufu. Harufu haijakatika. Usiku ndo balaa, wanazunguka humo ndani mpaka alfajiri, halafu kuna muda mmoja anabweka, yaani anabweka kabisa kama mtoto wa mbwa, jirani wa chini ameshagonga dari lake mara kadhaa.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi jike alinasa ukucha kwenye uzi wa taulo, akawa anajivuta anapiga kelele, tumekuja kumnasua kidole kimevimba. Kabla ya hapo dume alitoka, mlango ulikuwa umefungwa na hatujui alipitia wapi, tukamkuta nyuma ya pazia. Halafu kwasababu ya ile harufu tundu tulilisogeza dirishani karibu na pale AC inapopuliza, asubuhi moja binti anaenda kuwaangalia anamkuta dume wa baridi, amelegea, tukajua ndo basi tena. Binti akamuingiza kifuani ndani ya sweta huku analia, baada ya muda akaanza kujikunjua. Mpaka leo sijui kilikuwa kitu gani.

Sasa baba yao anasema atawajengea banda kubwa la mbao na waya wa kuku, anasema kwao amejenga mabanda mengi tu. Binti yeye anaangalia keji za kuuza kwenye simu, nyingine zina ngazi na bembea za rangirangi, ila hajui ipi sahihi. Mwezi huu tunaweza kutoa kama dola 200. Na pia mume ana mazungumzo ya kazi huko Sacramento, jimbo la California, ikikubali tunahama mwakani, kwahiyo nataka kitu kinachobebeka. Tuchukue ukubwa gani, ndani tuweke nini, tuiweke wapi? Na wakianza kuzaa itakuwaje?

Mama wa Houston

*

Shangazi anajibu:

Mwanangu, pole sana na usiku wa hivyo, na mpe pole binti yako pia, maana kumkuta mnyama wako amepoa mkononi ni kitu kizito kwa mtoto.

Kabla hatujafika kwenye keji kuna mambo ya leoleo. Toa hilo taulo. Toa hayo maranda ya mwerezi yote, hiyo harufu nzuri unayoisikia ni mafuta ya mti na yanawaumiza njia ya hewa, maranda ya msonobari nayo usiyaweke. Na toa tundu dirishani. Huyo dume alipoa kwasababu shuga glaida akipigwa na baridi, au baridi na njaa kwa pamoja, mwili wake unajizima nusu ili kuokoa nguvu, joto linashuka, mapigo yanapungua, anakuwa kama amekufa. Porini ni njia yao ya kuvuka usiku mbaya lakini kwenye nyumba yenye AC inayompulizia moja kwa moja inaweza kumuondoa. Binti yako alifanya vizuri sana kumpasha kwa joto la kifua chake, ndo inavyotakiwa, taratibu, sio maji moto wala mashine ya kukaushia nywele. Ikijirudia na hajaamka haraka mpelekeni kwa daktari. Na huyo jike mwenye kidole kilichovimba mpelekeni hata kama anaonekana anacheza, mtafute vet anayeshughulika na wanyama wasio wa kawaida, huku wanawaita vet wa ekzotiki, maana vet wa mbwa na paka wengi hawajawahi kumshika mnyama kama huyu, na hawa wakiwa na kidonda kinachowasumbua huwa wanajitafuna wenyewe.

Chumba kikae kwenye nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, kwa hesabu za huku Marekani, yaani Farenhaiti, ni kama 75 hadi 80. Najua Houston watu wanapenda nyumba iwe friji, lakini hapo ndo wao wanakaa vizuri.

Sasa keji. Mi nafuga hawahawa huku Dallas na kitu ninachowaambia watu wote wanaoniuliza ni kwamba anza na urefu wa kwenda juu, mengine yote yanakuja baadae. Hawa asili yao ni Australia na New Guinea, na hawa wanaouzwa Marekani vipimo vya vinasaba vimeonyesha wazee wao walitoka New Guinea upande wa Indonesia. Ni wanyama wa mfuko, ndugu zake kangaruu, wanaishi juu ya miti, mchana wanalala kundi zima wamebanana kwenye tundu la mti, usiku wanatoka kutafuta utomvu, nekta na wadudu, na akiruka kutoka mti mmoja anaweza kuelea mpaka mita 50. Mnyama wa gramu mia na kitu anayevuka mita 50 hewani, wewe umemuweka kwenye tundu ambalo akinyoosha mikono ameshagusa upande wa pili. Ndo maana anazunguka usiku kucha na ndo maana kelele ni nyingi kuliko inavyotakiwa.

Kwa wawili, kipimo cha chini kabisa ni futi 2 upana, futi 2 kina, futi 3 kwenda juu, yaani sentimita 60 kwa 60 kwa 90. Hicho ni cha chini, usije ukakichukua kama lengo. Ukipata ya futi 4 au 5 kwenda juu chukua, hata kama upana ni uleule, kwasababu wao sakafu hawaitumii, maisha yao yote yapo nusu ya juu. Na iwe ya pembe nne. Hilo tundu la duara lina ubaya wake, pale kwenye kuba nondo zinakutana zinakuwa nyembamba na mguu unanasa, na nondo zote zimesimama wima hana pa kukanyaga akipanda, anateleza tu. Tafuta keji yenye nondo za kulala angalau pande mbili.

Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi nusu inchi. Hapa ndo dume wenu alipitia, wala usisumbuke kutafuta siri nyingine, keji nyingi za kasuku zina nafasi kubwa zaidi ya hiyo na hawa kichwa kikipita mwili unafuata. Binti akiwa anaangalia kwenye simu asiangalie bembea wala rangi, asome hicho kipimo kwanza, na kama muuzaji hajakiandika amuulize, akizungukazunguka apite aende kwa mwingine. Keji za chinchila na fereti ni ndefu, nzuri, zinavutia kweli, lakini nyingi nondo zake zina inchi nzima. Milango pia muiangalie, ile ya kunyanyua kwenda juu wanaifungua wenyewe, wana vidole vyepesi sana, kwahiyo kila mlango wa namna hiyo uwekee klipu ya chuma au zile kulabu za kufungia funguo, na hata vile vimilango vidogo vya kuwekea chakula, watu wanavisahau.

Baba mwambie hivi, na mwambie kwa upendo maana nia yake ni nzuri, waya wa kuku hapana. Ule waya umechovywa zinki. Hawa wanyama wanakojoa kwenye nondo hukohuko juu wanapokaa, mkojo unakula ule mchovyo, zinki inatoka, halafu wao wanalamba waya na kujilamba miguu, na zinki inawapa sumu. Tena matundu yake ni makubwa na zile ncha zilizokatwa zinachana ile ngozi ya ubavuni, ambayo ni nyembamba sana. Na fremu ya mbao inanyonya mkojo, baada ya miezi michache hata uoshe vipi inanuka. Kama bado mikono inamuwasha ajenge, atumie waya wa matundu ya nusu inchi kwa nusu inchi uliopakwa PVC, na fremu ya chuma au ya mabomba ya plastiki. Ila kwa dola zenu 200 mi ningenunua, keji nzuri ya chuma iliyopakwa ile rangi ya unga inayookwa kiwandani inapatikana humohumo kwenye bajeti, inafunguka vipandevipande inaingia kwenye gari. Iliyotumika pia sawa, bei inashuka sana, lakini pitisha mkono kila kona na ukiona kutu au rangi imebanduka achana nayo hata kama wanakupa bure.

Gurudumu la hamsta litupeni, hilo wala msimpe mtu mwingine. Lina chuma katikati, mkia wa shuga glaida ni mrefu kama mwili wake, anapokimbia unajizungusha kwenye kile chuma, mikia inavunjika hivyo. Ile njia ya kukimbilia nayo ina vipago vyenye nafasi, mguu unaingia. Kuna magurudumu yanatengenezwa kwa ajili yao, hayana ekseli katikati, njia yake imejaa bila mapengo, upana wa duara kama inchi 11 au 12. Ni ghali kidogo lakini ndo kitu kitakachokupunguzia kelele kuliko kingine chochote, kwasababu akishakimbia masaa mawili matatu anatulia.

Sasa kuna sehemu ambayo wewe hutalipa fundi hata senti, utanunua kitambaa tu. Wewe ni fundi cherehani. Kitanda chao kinatakiwa kiwe kifuko cha kuning'iniza juu kabisa ya keji, cha kitambaa cha flisi, ile isiyotoa manyoya, na kwenye maduka wanaviuza bei ya ajabu kwa kitu cha vipande viwili vya kitambaa. Kata kifuko kama sentimita 25 kwa 25, kiwe cha tabaka mbili, mishono yote ibaki katikati ya tabaka asikutane nayo mnyama ndani wala nje, stichi ndogondogo za kubana, nyuzi zote ukate usiache hata mkia mmoja. Usiweke zipu, usiweke lesi, usiweke riboni. Ukucha wao umejipinda kwa ajili ya kushika gome la mti, ukikutana na uzi haujui kuachia, na hicho ndo kilimpata jike kwenye taulo. Kagua mishono kila unapofua, kikianza kuachia toa kabisa. Shona vitatu vinne vya kubadilishana, na ukishona kingine kidogo cha kamba ya shingoni binti atawabeba humo mchana wakiwa wamelala, wanamzoea harufu yake, hiyo inasaidia kuliko kuwashikashika usiku wakati wao wana shughuli zao.

Flisi hiyohiyo unaweza kushonea ngazi, kamba nene za kusuka, vitanda vya kuning'inia, jaza keji kwenda juu ila acha uwazi katikati wa kurukia. Na matawi ya kweli wanayapenda mno. Mkaratusi ndo mti wa kwao hasa, mtufaa pia ni salama, lakini liwe tawi ambalo halijapigwa dawa, lisuguliwe kwa maji moto likauke kabisa. Mwerezi hapana, mcheri na mpichi hapana. Bakuli za chakula na maji ziwekeni juu sio sakafuni, maji yawe kwenye chupa na kibakuli vyote viwili mpaka muone wanatumia kipi. Chini kwenye trei, chini ya wavu, tandika karatasi nyeupe au kipande cha flisi, basi.

Harufu. Huyo dume kama ana kipara kidogo katikati ya kichwa msimpake dawa, sio ugonjwa, ni tezi, anaitumia kupaka harufu yake kila mahali na kumpaka mkewe. Sasa watu wengi harufu ikizidi wanaosha keji yote na vifuko vyote siku moja kwa sabuni kali, matokeo yake dume anaona nyumba imekuwa ya mtu mwingine anaanza kupaka upya kwa bidii zote. Osha kwa zamu. Bakuli kila siku, trei kila baada ya siku chache, vifuko wiki hii kimoja wiki ijayo kingine, nondo pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji. Kwenye hilohilo la dume, mkimpeleka jike kwa vet muulizeni kuhusu kumhasi. Inapunguza harufu sana na inajibu swali lako la kuzaa. Mimba yao ni kama siku 16 tu, mtoto anazaliwa kama punje ya mchele anaingia kwenye mfuko wa mama anakaa humo miezi miwili na zaidi, mnaweza msijue kama wapo mpaka uone mfuko umevimba. Jike huwa hafanyiwi upasuaji wa uzazi, kwake ni hatari, ndo maana anahasiwa dume. Lakini msiwatenganishe kwa kuogopa watoto, nakuomba sana, shuga glaida akiwekwa peke yake anadhoofika, wengine wanajinyonyoa manyoya na kujiuma mpaka damu.

Mahali pa kuiweka, kwa apatimenti yenu, naona kona ya sebuleni, mbali na dirisha, mbali na tundu la AC, mbali na jiko kwa ajili ya moshi na mvuke, juu ya meza imara ili nusu ya juu ya keji iwe usawa wa macho yenu. Wakiona watu wanapita kwa juu yao wanaogopa, wakiwa juu wanajiamini. Chini ya meza tandika zulia nene, jirani wa chini atakushukuru. Mchana mwanga wa kawaida sawa ila jua lisiwapige. Wakitolewa kucheza feni ya dari izimwe, kifuniko cha choo kifungwe, hilo la choo naomba mlibandike mlangoni kabisa maana wanazama. Kubweka kutapungua wakipata nafasi na shughuli lakini hakutakwisha, usiku ndo mchana wao, mtu yeyote akikwambia wanafundishika kulala usiku asikudanganye.

Chakula ni habari ndefu na leo tunaongelea keji, ila mwambie binti asiwalishe matunda matupu. Wakikosa kalsiamu mifupa inalegea na miguu ya nyuma inapooza, amuulize vet ratiba kamili ya chakula siku hiyohiyo.

Nimebakiza Sacramento kwasababu ndo ngumu. California hairuhusu kufuga shuga glaida, ni marufuku kwa sheria ya jimbo, Alaska na Hawaii vilevile. Sio suala la kibali wala la kulipia, huwezi kuingia nao, na wakikutwa wanachukuliwa. Hawa wanaishi miaka 10, 12, wengine zaidi wakitunzwa, kwahiyo kaeni mezani na binti kabla baba hajasaini chochote, sio wiki ya kuhama ndo aambiwe. Kama mnaenda, atafute yeye mwenyewe mtu wa hapa Texas anayewajua wanyama hawa, awape wote wawili pamoja na keji yao na vifuko vyao vyenye harufu yao. Na hata mkibaki, soma mkataba wa hiyo apatimenti kipengele cha wanyama, wengine wanaruhusu mbwa na paka tu.

Kama ningekuwa mimi na hizo dola 200, ya kwanza inatoka kwa vet kwa ajili ya kidole. Kinachobaki kinaenda kwenye keji iliyotumika lakini haina kutu, halafu yadi mbili za flisi, gurudumu lisubiri mwezi ujao, bila gurudumu wanaishi, na matawi ni ya bure. Pima ile kona ya sebuleni mpaka darini uniandikie futi ngapi, na binti anitumie keji mbili tatu alizozipenda, nitamwambia ipi achukue.